Mtoto Aliyenitafsiri Kabla Sijasema

Walimu wenzangu, siku mliponiaga kustaafu mlinipa kiti cha kuegemea, kitenge na hotuba ndefu. Kiti ninakikalia, kitenge kiko kwa fundi, na hotuba nimeshaisamehe. Wiki iliyofuata mkanitumia ujumbe: "Maman Vumilia, utuandikie vile ulikuwa unafanya kazi." Basi nimekaa barazani, mvua inapiga bati, na ni mara ya kwanza maishani mwangu mvua hainikatizi somo. Ya vyeo na mishahara sitayagusa. Vyeo sikupata vya kusimulia, na mishahara ya serikali mnaijua wenyewe.

Nitawaandikia juu ya jambo moja lililonisumbua miaka yote. Shule yetu ni ya serikali, tena si kama nyingine za Bukavu: mtoto akiingia mwaka wa kwanza tunamtumbukiza katika Kiingereza, hesabu kwa Kiingereza, sayansi kwa Kiingereza, na Kifaransa kinakuja baada ya mapumziko. Wazazi wanaipenda, watoto wanaipenda. Lakini je, mtoto mwenye akili kali anapata kwetu kazi ya kumtosha? Na akishapata akili, anabaki, au tunamlea ili wengine wamchukue? Hilo ndilo swali. Mimi lilinichoma kuliko chaki machoni.

Siku yangu ya kwanza nilifika na viatu vya kisigino. Ninyi mnaijua ile njia yetu ya kushuka toka barabarani, na mnaujua udongo wake ukiloa. Nilifika mlangoni nikiwa nimeshika kiatu kimoja mkononi, na kingine kimebaki mlimani. Mlangoni alisimama Muzee Bahizire, mtu wa Walungu, mfupi, mwenye koti la kijani ambalo shuleni sikuwahi kumwona hajalivaa. Ndiye aliyeanzisha darasa la Kiingereza pale. Akanitazama toka kichwani hadi miguuni, akasema:

"Karibu, maman. Hapa tuko naacha bintu bibili ku mulango: matope na Kiswahili."

Matope yaliingia kila siku. Kiswahili pia.

Kiingereza nilikisomea chuoni, nikakizoea kwa shangazi yangu aliyeolewa Kampala, kwa hiyo nilijiona nimekamilika. Muzee Bahizire alinikalisha wiki nzima nimwangalie tu. Chombo chake cha kazi kilikuwa sanduku la mbao lenye kufuli isiyofunga. Ndani mlikuwa na kijiko, kipande cha sabuni, mpini wa jembe, sambaza, wale dagaa wa ziwa letu, waliokaushwa ndani ya chupa, kengele ya mbuzi, na mambo mengine ambayo mke wake alikuwa anayatafuta nyumbani. Hakutafsiri neno hata moja. Akitaka kufundisha asali, aliwapa watoto walambe, kisha akalisema neno. "Mutoto akilamba, haulizi tena," aliniambia. Mnapoliona sanduku lile leo kwenye kona ya darasa la tano, msilitupie makaratasi ya pipi. Lina umri mkubwa kuliko baadhi yenu.

Na alikuwa na utaratibu mwingine, huo wa benchi. Darasa lilijaa mpaka dirishani, na mwalimu ni mmoja. Kwa hiyo kila mtoto aliyesikia Kiingereza haraka alikalishwa karibu na asiyesikia, na kazi yake ilikuwa kumnong'oneza. Tulimwita mkalimani. Kuchaguliwa mkalimani ilikuwa heshima kubwa. Kuna mama mmoja aliyetuletea ndizi kwa furaha. Kiswahili kilikatazwa kwa sauti kubwa, na kwa sauti ndogo ndicho kilichobeba shule nzima. Wakaguzi walikuja, wakasikia ule mvumo chini chini, wakaandika kwamba watoto wana bidii.

Nilimrithi Muzee Bahizire alipostaafu. Nilirithi darasa la tano, sanduku na mabenchi. Na ndipo nilipoanza kuona kitu ambacho yeye alikiita upepo wa Septemba. Kila mwaka wa shule ukianza, ninaita majina, na sauti ambazo nilizitegemea hazijibu. Wazembe wote wapo, wananichekea. Wakalimani wangu wameondoka: huyu yuko kwa masista, huyu yuko shule ya kulipa kule chini karibu na ziwa, huyu anavuka mpaka kila asubuhi kwenda kusoma ng'ambo.

Wazazi walikuwa na maelezo yao, na hayakuwa ya kijinga. Mama mmoja, mfanyakazi wa benki, alinishika mikono yote miwili:

"Madame, siye tunakupenda sana. Lakini mwaka wa sita, test ya serikali itakuja na Kifaransa. Mutoto wangu akijibu na Kingereza, nani atamusahihisha?"

Nikamwambia Kifaransa tunakifundisha pia. Akaniambia anajua. Akamtoa mtoto hata hivyo, na Krismasi akanitumia keki. Ilikuwa keki nzuri, nikaila kwa uchungu.

Nikaamini kwa muda mrefu kwamba ni mtihani tu unaotuibia watoto. Mpaka akaja Ansima.

Ansima alikuwa mtoto mwembamba mwenye macho makubwa, kutoka familia ya maofisi. Baba yake alifanya kazi katika shirika moja hapa Ibanda, shati limepigwa pasi hata Jumamosi. Nilimkalisha karibu na Bisimwa, mtoto mkimya ambaye mama yake alibeba mifuko ya unga toka bandarini hadi sokoni. Bisimwa hakusema Kiingereza hata kidogo, na hakuhitaji, kwa sababu Ansima alikuwa mkalimani hodari kuliko wote niliowahi kuwa nao. Alinong'ona huku ameegemeza shavu kwenye mkono, anaangalia dirishani, kama mtu anayeteleka maharagwe huku anawaza mambo mengine.

Siku moja nilikuwa nafundisha jinsi maji yanavyopanda kuwa mawingu. Nilisimama katikati ya sentensi ili nifute ubao. Kimya kikaingia, na katika kimya kile nikamsikia Ansima anamnong'oneza Bisimwa: sasa atasema kwamba mawingu yakichoka kubeba yanamwaga, halafu atauliza nani ameona mvua, halafu atacheka peke yake.

Ndiyo sentensi niliyokuwa nataka kusema. Na ndiyo, huwa ninacheka peke yangu hapo.

Wanangu, nilishikwa na kicheko, kisha nikashikwa na kitu kingine. Mtoto huyu hakuwa ananisikiliza. Alikuwa ananikariri. Alikuwa ananitafsiri kabla sijasema. Wakati wa mapumziko nilimwita.

"Ansima, somo langu lina shida gani?"

"Haina shida, Ticha." Kwetu watoto wanasema Ticha, mnajua. Akakuna goti. "Ila miye kila kintu niko nakisema mara mbili. Ya kwanza ndani ya kichwa, ya pili kwa Bisimwa. Ya tatu njo wewe unasema."

"Na unachoka?"

"Hapana. Ninalala tu na macho wazi."

Jumamosi hiyo nilipanda gari la Walungu nikamtafute Muzee Bahizire. Nilimkuta anapalilia maharagwe, na koti la kijani juu ya uzio. Nikamweleza. Nilidhani atakasirika kwamba naigusa kazi yake. Akaegemea jembe.

"Vumilia, ile benchi haikuwa hekima. Batoto balikuwa bengi, miye nilikuwa mumoja. Nilimupa mutoto wa nguvu kazi yangu." Akacheka. "Kazi yangu ilikuwa nyepesi kwake. Umutafutie yake."

Nikarudi na mfuko wa maharagwe na wazo. Jumatatu niliwatoa wakalimani wote kwenye benchi zao. Nikalimwaga sanduku mezani, nikawaambia: hivi vyote vimeshakuwa vya Kiingereza. Sasa kila mmoja alete toka nyumbani kitu ambacho hakimo sandukuni wala kitabuni. Kitafichwa ndani ya gunia. Utakieleza kwa Kiingereza, mikono nyuma, bila kuonyesha, na darasa zima litachora linachokisikia. Michoro ikifanana na kitu chako, kinaingia sandukuni milele. Isipofanana, unarudi nacho nyumbani.

Wiki za mwanzo zilikuwa mbaya, sitawadanganya. Watoto waliozoea kunong'onezwa walikaa wameduwaa kama kuku mgeni. Bisimwa alinyamaza kabisa, na mimi nilikuwa nikitembea kati ya mabenchi kwa ishara na vijiko mpaka magoti yakalia. Mkuu wetu wa shule alichungulia, akauliza mbona darasa langu limekuwa kimya. Nikamjibu: linafikiri. Sikuwa na hakika, lakini nilimjibu hivyo.

Zamu ya Ansima ikafika. Aliingia na gunia lake akitabasamu, maana hakuwahi kushindwa na chochote. Mikono nyuma. Akasema ni kitu kirefu, chembamba mwishoni, kipana katikati, kinafungwa, kinasaidia kubeba. Kiingereza safi. Makreyo, penseli zetu, yakaenda karatasini. Nikainua michoro: mikanda ya suruali, kombeo, chandarua, na nyoka mmoja aliyeshiba. Akajaribu tena, akaongeza maneno makubwa zaidi aliyoyatoa vitabuni. Wakachora daraja. Darasa likacheka, si kwa ubaya, ila lilicheka. Alikuwa anajua miji mikuu ya Afrika nzima kwa Kiingereza, na hakuweza kukisema kitu kilichotoka nyumbani kwa bibi yake kule Mumosho.

Akalia. Alilia kama mtu anayelia kwa mara ya kwanza, bila kujua pa kuficha uso. Nilimwambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Hakunisikia. Akakumbatia gunia akaenda nalo nyumbani.

Asubuhi yake, kabla ya kengele, baba yake alisimama mlangoni mwa darasa, Ansima nyuma yake na gunia mkononi.

"Madame, bonjour. Mutoto wangu alirudi na macho mekundu. Ulimufanyia nini?"

"Bonjour, Papa Ansima. Nilimupa kazi."

"Kazi gani ya kuliza mutoto? Huyu tangu aanze masomo hajalia hata siku moja!"

"Njo ile ilikuwa inaniogopesha, Papa Ansima."

Hakupenda jibu hilo. Akaniambia, kwa heshima lakini bila kuzunguka, kwamba nafasi kule shule ya karibu na ziwa iko tayari tangu mwezi uliopita. Alikuwa anangoja mwisho wa mwaka. Sasa haoni sababu ya kungoja. Alikuja kuchukua vyeti vya mtoto. Nilisimama pale na chaki mkononi, nikajihesabia makosa. Nilikuwa nimevunja mabenchi ya Muzee Bahizire, nimewanyima wadhaifu msaada wao, na sasa namfukuza hata yule niliyetaka kumbakiza.

"Twende, Ansima," akasema baba.

Ansima hakusogea. "Papa, usinitoshe hapa leo."

"Ju ya nini?"

"Sijamaliza." Akainua gunia kidogo. "Bado hawajaiona."

"Kule unaenda watakupatia mazoezi mazuri, bila bantu kukucheka."

"Kule niliona bitabu byao, Papa. Nabijua." Na machozi yakaanza tena, lakini safari hii yalikuwa ya hasira. "Hii njo siijui!"

Nilimpenda mtoto yule wakati ule. Baba yake akanitazama, akatazama saa, akatazama viatu vyake vyenye matope. Nikamwambia: "Papa Ansima, akuwe na siku yake moja. Ikae Ijumaa. Nawe ukuje uone. Kama bado unataka vyeti, nitakuandikia miye mwenyewe."

Ijumaa alikuja. Nilimkalisha nyuma, kwenye benchi la watoto, magoti yamefika kifuani na tai imelala juu ya magoti. Ansima akasimama mbele, mikono nyuma. Safari hii hakuanza na kitu. Akaanza na mtu.

Akasema kwa Kiingereza chepesi, polepole: Kuna mwanamke. Anapanda mlima. Mgongoni ana mzigo unaompita ukubwa. Mikono yake haiushiki mzigo. Mkono mmoja umeshika mtoto, mwingine umeshika gauni lisiingie matopeni. Hawezi kuangalia juu. Shingo yake imekaza, anaona miguu yake tu na njia. Mzigo hauanguki. Ni nini kinaushika?

Hakuna aliyecheka. Makreyo yakatembea. Nilikuwa napita kati ya mabenchi, nikafika kwa Bisimwa. Alikuwa amemchora mama aliyeinama, mkanda umepita kwenye paji la uso na kushuka nyuma mpaka kwenye mfuko. Amemchorea hata kandambili, moja imefungwa kwa waya. Kabla sijainua karatasi, yeye mwenyewe akasimama. Bisimwa, ambaye hakuwa amefungua kinywa mwaka mzima. Akasema kwa Kiingereza, kwa sauti iliyokwaruza:

"Kinakaa hapa, kwenye uso. Mama yangu anacho."

Sentensi ilikuwa na makosa. Sikuisahihisha. Ansima akafungua gunia, akatoa ule mkanda wa kubebea ambao akina mama wetu wanauvaa kwenye paji la uso, umesukwa kwa kamba, katikati umelainika na kung'aa kwa jasho la miaka. Darasa likapiga kelele mpaka mwaka wa sita wakaja kuchungulia.

Nikageuka kumtazama Papa Ansima. Alikuwa ametoa leso. Akasema ni vumbi la chaki, na mimi kwa adabu nikakubali. Watoto walipotoka akaja mbele, akaugusa ule mkanda kwa kidole.

"Ule iko wa mama yangu," akasema. "Sikujua kama Ansima aliuleta. Na ule mukaba mama alibeba mihogo toka Mumosho mpaka hapa mujini. Njo ulinisomesha, Madame."

Vyeti hakuviomba. Mkanda ukaingia sandukuni.

Sasa msinielewe vibaya mkadhani upepo wa Septemba ulikoma. Mwaka uliofuata bado niliita majina yasiyojibu. Mtihani wa serikali bado uko kwa Kifaransa, na mzazi mwenye hofu hutulizwa na nani? Kifaransa tulikiongezea nguvu, mimi na mwenzangu wa mwaka wa sita, na Ansima akafaulu vizuri pamoja na wengine. Lakini waliobaki waliongezeka, na nikajifunza kuwauliza watoto wenyewe na si wazazi tu. Mtoto hodari hahami kwa sababu kazi ni ngumu. Mkimpa kazi ya mwalimu afanye bure, atawafanyia, atawashukuru, na ataondoka. Bisimwa naye hakuwahi tena kuhitaji mkalimani. Leo anasoma sekondari na Ansima, na nasikia wanabishana kwa Kiingereza njiani mpaka watu wanageuka.

Nimalizie na jambo ambalo wengi wenu hamkuliona, kwa sababu siku ile ya kuniaga mlikuwa mnagombania soda. Mkuu wa shule alikuwa bado anahutubu. Papa Ansima akaingia kwa mlango wa nyuma, nywele zimeanza kuingia mvi, amemshika mkono mtoto wake wa pili, Ashuza, ndani ya sare ya ile shule ya karibu na ziwa.

"Madame, nakuletea huyu."

"Papa Ansima, umechelewa. Hii sherehe iko ya kunifukuza."

"Basi nani atamupokea?"

Nikamwonyesha Aline, ambaye sasa ndiye anayechukua darasa la tano. Alikuwa amesimama kando ya sanduku la Muzee Bahizire, nimetoka kumkabidhi.

"Iko na shida gani?" Aline akauliza.

"Haina shida. Anapata alama zote. Anarudi ku nyumba bila swali hata moja." Akamsukuma mtoto mbele kidogo. "Hajalia hata siku moja, Madame. Nataka alie kidogo."

Aline hakunitazama mimi kuomba ruhusa, na hilo lilinifurahisha kuliko kitenge. Alifungua sanduku, akamwambia Ashuza kwa Kiingereza atoe kitu kimoja anachokitaka. Mtoto akaingiza mkono, akavuta, akatoka na ule mkanda wa bibi yake. Akaugeuza huku na huku.

"Papa, hii iko nini?"

Papa Ansima akafungua kinywa. Aline akamgusa bega.

"Papa, mumuache kwanza."

Ashuza akaujaribu kiunoni, haukukaa. Akaujaribu shingoni. Uso wake ukaanza kukunjamana, na baba yake akavuta kiti changu kipya, akakaa kungoja.